Mkaja Mmoja, Viuno Vitatu

Sogeeni mkae vizuri, na nyinyi mliosimama mlangoni ingieni, mnatuzibia hewa. Leo sina hadithi ya kulalia. Nina kesi, na mahakimu ni nyinyi. Nitawaeleza yote bila kuficha, kisha nitanyamaza, na mtakapoanza kugombana msije mkaniuliza mimi.

Ilikuwa Pemba, katika shamba la mikarafuu la Bwana Hilali. Walikuwako humo watumwa wanawake watatu, kila mmoja ametoka upande wake wa bara, na hakuna kati yao aliyekuwa na mume, mtoto wala ndugu. Kilichowakutanisha ni jamvi moja la kuanikia karafuu.

Wa kwanza ni Sikudhani, na kipawa chake ni miguu. Alikuwa akibeba mzigo mpaka mjini na kurudi siku hiyo hiyo, na akirudi bado ana nguvu za kumtania mtu.

Wa pili ni Mkiwa, na kipawa chake ni kimya. Jambo likishaingia kwa Mkiwa, limeingia. Nokoa, yule mnyapara wa shamba, alimchapa mara nyingi ili aseme nani kaiba nazi, mwisho akachoka yeye.

Wa tatu ni Chausiku, na kipawa chake ni ulimi. Wenzake wakiitwa na bwana walitazama chini wakasema ndiyo. Chausiku naye alisema ndiyo, lakini aliisema kwa namna ambayo bwana alikwenda nayo chumbani akaanza kuifikiria.

Katikati ya hao watatu alikuwako msichana anaitwa Mrashi, na hadithi hii ni yake. Mama aliyemzaa alifariki siku ya saba baada ya kujifungua. Msimu wa karafuu ulikuwa umepamba moto na nokoa wa wakati huo hakumpa mtu ruhusa ya kulea, basi wale wanawake wakapanga zamu. Anayepanda mti kuchuma siku hiyo hana mtoto. Anayebaki jamvini kuchambua makonyo, yaani kutenga karafuu na vikonyo vyake, ndiye mwenye mtoto. Hivyo Mrashi alikua akimwita mama yeyote aliyemkuta jamvini, na hakuona ajabu yoyote, kwa sababu kwake mama alikuwa mtu wa zamu.

Mrashi alipofika miaka kumi na minane, tangazo likasomwa mjini kwamba utumwa umefutwa. Msidhani watu waliamka asubuhi wakajikuta huru. Mtumwa aliyetaka uhuru ilimbidi aende mwenyewe mahakamani, asimame mbele ya hakimu, aombe, ndipo aandikiwe cheti. Na tangazo lenyewe lilikuwa na tundu. Masuria, wale wanawake ambao bwana amewaweka nyumbani mwake kama wake bila ndoa, halikuwahusu. Hao walibaki walipo.

Bwana Hilali aliliona tundu hilo kabla ya wengine. Jumatatu alitangaza kwamba Mrashi ni suria wake. Hajapata kumgusa, hajapata hata kumwita kwa jina, lakini alisema Jumatano alasiri ataletwa nyumba kubwa, na chumba kimeshafagiliwa. Akishalala humo siku moja, hakuna hakimu atakayemtoa.

Na Mrashi wakati huo alikuwa kitandani na homa, hawezi hata kusimama. Alisikia habari hiyo, akageukia ukutani, akalia mpaka mto ukalowa. Wale watatu walimsikia. Hawakumwambia nyamaza. Walitazamana, wakaanza kupanga.

Sasa hapa tegeni masikio, maana hapa ndipo penye kesi.

Jumatano asubuhi Chausiku alitangulia mjini, ametumwa kupeleka nazi. Mchana wingu lilitanda upande wa kusini, nokoa akapiga kelele watu wakimbie kukusanya karafuu kabla ya mvua, na shamba zima likawa linakimbilia majamvi. Sikudhani hakukimbilia jamvi. Aliingia bandani, akamweka Mrashi mgongoni, akamfunga kwa kanga kama anavyofungwa mtoto mchanga, msichana mzima miguu inaning'inia, akashuka naye kwenye mikoko. Barabarani wangeonekana, kwa hiyo alipita kwenye tope, na maji yalikuwa yanajaa. Chaza zilimkata nyayo. Mrashi, kichwa kinamwanguka huku na huku, alimwomba amshushe.

"Mama, nitue. Nenda zako. Utakufa na mimi."

"Nikutue wapi, kwenye maji?" Sikudhani akasema. "Wewe kazi yako ni kuwa mzito, na unaifanya vizuri. Niachie mimi ya kutembea."

Walifika mjini jua linazama. Miguu ya Sikudhani ilikuwa imechanika mpaka kwenye mfupa wa kisigino. Mguu wa kushoto haukupona tena. Yule aliyekuwa akienda mjini na kurudi siku moja, akawa anakwenda kisimani kwa fimbo, na anapumzika njiani mara tatu.

Alasiri hiyo hiyo, wakati Sikudhani yumo kwenye tope, Mkiwa alivaa kaniki ya Mrashi, akajifunika shuka gubigubi kama mtu mwenye homa, akaenda nyumba kubwa kwa miguu yake mwenyewe. Alilala kitandani kwenye kile chumba kilichofagiliwa, uso ukutani. Mjakazi alileta uji, akaguna. Bwana Hilali aliposikia msichana ana homa kali alisema aachwe mpaka kesho. Kesho yake jua lilipotoka alikuja mwenyewe, akafunua shuka, akamkuta mwanamke wa makamo anamtazama.

"Yuko wapi?"

Mkiwa hakujibu. Aliulizwa kwa maneno, kisha akaulizwa kwa fimbo. Angesema neno moja tu, mjini, nokoa angepanda punda na kuwakamata kabla mlango wa mahakama haujafunguliwa. Hakulisema. Fimbo moja ilimpata jichoni, jicho la kulia likafumba lisifumbuke tena. Nokoa ikabidi aende kubahatisha, akapekua mashamba ya jirani moja baada ya jingine, na asubuhi ikaisha. Baadaye jicho la pili la Mkiwa nalo likaanza kulifuata la kwanza. Akipewa kikombe alipapasa.

Mchana wa siku hiyo walikuwa mbele ya hakimu. Chausiku amesimama, Sikudhani amekaa chini na miguu imefungwa matambara, Mrashi ameegemea ukuta na meno yanagongana. Karani alikuwa ameshachovya kalamu aandike cheti, nokoa akaingia anahema.

"Bwana hakimu, huyu ni suria wa Bwana Hilali. Tangazo halimhusu. Nimetumwa nimrudishe."

Hakimu akaweka mkono juu ya karatasi. Mrashi akafumba macho. Aliniambia baadaye, samahani, aliwaambia watu baadaye, kwamba pale alijiona yumo tayari kwenye kile chumba.

"Bwana hakimu," Chausiku akasema, "naomba kuuliza swali moja. Mama na bintiye, bwana mmoja anaweza kuwaweka usuria wote wawili?"

"Haramu," hakimu akasema. "Hata mtoto wa chuoni anajua."

"Basi niandike mimi. Bwana Hilali alikuwa akiniita chumbani kwake kwa miaka mitatu, na aliyekuwa akija kunichukua ni huyu nokoa aliyesimama hapo. Muulize. Na huyu msichana ni binti yangu. Nilimzaa na marehemu mume wangu kabla ya hayo."

Nokoa alitazama vidole vya miguu yake. Hakuweza kukanusha, kwa sababu ile miaka mitatu ilikuwa kweli, na Mrashi alipozaliwa yeye hakuwako shambani. Chausiku hakupata kumwambia mtu, hata hao wenzake wa jamvini, na sasa aliisema mbele ya karani, mbele ya askari, mbele ya wanaume waliokuja na kesi za mbuzi. Hiyo ilikuwa kweli. Kule kumzaa ndiko kulikokuwa uwongo, na hakimu alipoleta msahafu, Chausiku aliuwekea mkono akaapa yote mawili kwa pumzi moja.

Hakimu akauweka msahafu kando. "Unaelewa unachosema? Nikikuandika suria, tangazo halikugusi wewe. Binti yako atatoka na cheti. Wewe utarudi."

"Naelewa. Andika."

Karani akaandika: Mrashi binti Chausiku, huru. Cheti kikapigwa muhuri, na kilichopigwa muhuri hakirudi nyuma. Sikudhani naye akapewa chake, na Mkiwa alipopona alikwenda akapata chake. Chausiku alirudi shambani nyuma ya punda wa nokoa, na tangu siku hiyo akawa anaishi nyumba kubwa, anatoka akiruhusiwa.

Mmesikia. Mmoja alitoa mguu, mmoja alitoa jicho, mmoja alitoa uhuru wake mwenyewe na juu yake akabeba mbele ya Mungu kiapo cha uwongo. Mkimwondoa mmoja wao, wawili waliobaki wamehangaika bure. Nanyi mnaotikisa vichwa kana kwamba mmeshajua jibu, ngojeni. Bado hatujafika kwenye harusi.

Miaka miwili ilipita. Mrashi alichumbiwa na Feruzi, mwashi, mtu aliyewahi kuwa mtumwa kama yeye, kijana mpole mwenye chokaa kwenye kucha hata siku ya Idi. Feruzi alikuwa amepata kazi ya kujenga huko Mombasa, na tajiri wake alimpa chumba kimoja. Alimwambia Mrashi wazi: "Ningekuwa na nyumba ningewachukua wote watatu. Chumba ni kimoja. Tukiweka pazia atakaa mama mmoja. Nitamtunza kama aliyenizaa."

Sasa mnajua desturi. Bwana harusi huleta mkaja, kile kitambaa ambacho mwanamke hujifunga tumboni akishajifungua, na mama wa bibi harusi hufungwa kiunoni mbele ya wanawake wote kabla ya ndoa kusomwa. Anayefungwa ndiye mama. Atakwenda na mwanawe, wajukuu watamwita bibi, na siku yake ikifika kuna mtu wa kumkosha na kumvika sanda. Mwenye ndugu zake analiona hilo dogo. Mtu aliyeletwa kisiwani peke yake, ambaye wenzake wamezikwa kando ya shamba bila jina, halioni dogo hata kidogo.

Na desturi ya mashamba ilikuwa na upande wa pili. Bibi harusi asiye na mama, mama yake ni mwenye shamba. Ndiyo maana siku ya harusi Bibi Shinuna, mke wa Bwana Hilali, alifika mapema na kiti chake kimebebwa na mtumishi, akakaa uani katikati ya wanawake, akakunja mikono. Hakusema neno baya. Angefungwa yeye ule mkaja, Mrashi angebaki mtoto wa nyumba ile pamoja na cheti chake, na watoto wake wangerudi kila msimu kuchuma karafuu kwa heshima ya bibi yao.

Hadia, dada yake Feruzi, aliingia na sinia. Juu ya sinia upo mkaja mmoja, mweupe, umekunjwa.

"Mama wa bibi harusi ajitokeze," Hadia akasema.

Wakasimama watatu.

Uani kukawa na minong'ono. Bibi Shinuna alitabasamu kidogo. Mrashi alikuwa amekaa mkekani na hina mikononi. Alikuwa ameomba siku nyingi kwamba wale wenyewe wataelewana, mmoja ataingia mbele na wawili watakaa nyuma, na yeye hatalazimika. Sasa aliwatazama akaona hawakuelewana, na kwamba kila mmoja anautaka.

"Ukateni vipande vitatu," mwanamke mmoja akasema kutoka nyuma.

"Mkaja haukatwi," Hadia akajibu. "Vitambaa vya kukatwa vipande hufungiwa maiti. Sikuja na hicho."

"Basi pigeni kura."

"Sitaki kupewa mwanangu na kijiti," Mkiwa akasema. Wanawake wakageuka, kwa sababu wengi wao walikuwa hawajapata kusikia sauti yake.

Hadia alimgeukia Mrashi. "Wifi, sema wewe. Alasiri imekaribia, naibu wa kadhi yuko nje na wanaume, na safari ni leo."

Sikudhani alikuwa ameegemea fimbo. "Mimi nilikubeba mgongoni, si tumboni," akasema. "Lakini nilikubeba. Nikibaki hapa nitafika mahali sitafika kisimani, na watanisahau bandani. Huko Mombasa nitakaa nyuma ya pazia nikuchekeshe. Sitaki zaidi." Alijaribu kucheka, kicheko kisitoke.

Chausiku alimwinamia Mrashi sikioni, wengine wasisikie, akasema bila kupepesa kama siku ile ya mahakama. "Kwenye cheti chako jina la mama ni langu. Ukimfunga mwingine mbele ya Bibi Shinuna, umesema niliapa uwongo, na ni kweli niliapa. Wewe hawatakugusa, muhuri ni muhuri. Mimi ndiye nitakayerudi nyumba ile, na bibi huyu atanitazama kila siku akijua. Ukinifunga mimi, mama aliyefungwa mkaja huondoka na mwanawe, hata bwana hawezi kumzuia mlangoni. Nitatoka. Nimesema ninavyojua kusema, mwanangu. Usinihukumu kwa kusema vizuri."

Mkiwa hakuongeza neno. Alisimama tu, uso umeelekea pale aliposikia sauti ya Mrashi mara ya mwisho, na kwa kuwa Mrashi alikuwa amesogea kidogo, alikuwa anautazama ukuta. Mrashi alipoliona hilo, machozi yalimtoka. Kisha akajikasirikia. Kwa nini anyamazaye amlize kuliko wenzake? Kwa hiyo anayeomba apunjwe kwa kuwa ameomba?

Alikasirika na mengine pia. Alikasirika na Feruzi kwa chumba kimoja, na mama yake wa kweli kwa kufa siku ya saba. Aliwakasirikia hao watatu kwa kumpenda kiasi kile, maana wangempenda kidogo asingekuwa na kazi leo. Alitamani liwepo jamvi, watazame zamu ya leo ni ya nani, iwe basi.

Kwa mbali mwadhini akaanza kuadhini alasiri.

"Mwana hana mama wa kumtaja," Bibi Shinuna akasema kwa upole. "Tusiwaweke watu juani." Akanyoosha mkono kwenye sinia.

Mrashi akaondoka mkekani kabla mkono ule haujafika. Aliuchukua mkaja kwa mikono yake miwili, hina ikaacha alama nyekundu pembeni. Akaukunjua. Wanawake wakampisha. Akapiga hatua kuelekea wale watatu. Sikudhani akaachia fimbo yake ikaanguka, asimame wima. Mkiwa akasikia nyayo, akainua mikono kidogo kutoka kiunoni. Chausiku akaipandisha kanga yake, kiuno kiwe wazi kwa mkaja.

Nami naishia hapo. Sikuwapa kazi ya mzaha. Bibi Shinuna bado kanyoosha mkono, naibu yuko nje, adhana inakwisha, na kitambaa ni kimoja. Mwenye mguu, mwenye jicho, mwenye kiapo. Msiniambie mngeondoka bila kufunga, kwa sababu mnajua nani angeuchukua.

Haya, anza wewe uliyekuwa unatikisa kichwa. Je, ungemfunga nani? Na ukishakaza fundo, ukainua uso, wale wawili uliowapita ungewatazama kwa macho gani?